Dodoso la uongozi kwa Kiswahili, kibali cha nyumbani, na jarida linalotaka dola 900

Kutoka: Mama Neema, Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, poleni na kazi.

Wengi mnanijua kama nesi wa zamu ya usiku. Sasa niko mwaka wa pili wa DNP, ule udaktari wa uuguzi wa vitendo, siyo PhD. Mradi wangu nataka nikaufanyie nyumbani, kwenye hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini nilikoanzia kazi. Ninachotaka kujua ni hiki: manesi wanakimbia wodi kwa sababu ya mshahara tu, au na jinsi wanavyoongozwa? Kila nikimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye ananiambia ni mshahara, halafu saa nzima tunamwongelea matroni.

Nimekwama sehemu tatu. Msimamizi wangu anataka nitumie dodoso la MLQ, lile la kupima mitindo ya uongozi. Nimeshalitafsiri kwa programu ya simu, usiku mbili likawa limekwisha. Chuo nacho kimeniandikia kwamba kazi yangu inahesabiwa kuwa uboreshaji wa huduma, siyo utafiti unaohusisha watu, kwa hiyo sihitaji kibali cha kamati ya maadili. Nilifurahi nikakata tiketi ya Desemba. Naweza kwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi na barua yangu ya chuo? La mwisho, nimepata barua pepe ya jarida la kimataifa, "Daktari mpendwa", wanachapisha ndani ya siku tano kwa dola 900. Hela ya zamu za ziada ipo.

Naombeni mwongozo.

---

Kutoka: Fundi Maji, Uholanzi

Dada, naanza na tiketi maana ndiyo inayoniumiza roho.

Barua ya chuo chako inaishia Ohio. Wao wameamua kwa sheria za Marekani kwamba kazi yako si utafiti. Tanzania haijaamua. Ukiingia hospitalini na dodoso ukawahoji watumishi ili uandike matokeo, huo ni utafiti wa afya, na kibali chake cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa kuwa chuo chako ni cha nje, kuna COSTECH pia, ile tume ya sayansi na teknolojia, na huko utaulizwa mshirika wako wa ndani ni nani. Tafuta mhadhiri wa chuo cha uuguzi nyumbani mapema, na asiwe wa kukusainia tu. Awe mtu atakayeandika nawe. Kama mradi ungekuwa Unguja au Pemba, ungepitia ZAHRI, maana Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya.

Swali la aibu kidogo, usinijibu hapa mbele ya watu: bado una pasi ya Tanzania? Kama ulishaapa uraia wa Marekani, kwa uhamiaji wa nyumbani wewe ni mtafiti mgeni, na mtafiti mgeni anatakiwa awe na kibali cha ukaazi cha daraja C. Viza ya kutembelea bibi haitoshi.

Mimi haya niliyajua kwa kuungua. Kazi yangu ni floraidi, madini ya kwenye maji yanayofanya meno ya watoto wa Arumeru, kule Arusha, yawe ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kule kuna visima vilivyozidi hapo mara kadhaa. Nilikuwa napima chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi. Nilijiambia mimi ni mtu wa sayansi ya vitendo, napima maji, maadili ni ya madaktari. Halafu katikati ya kazi nikaongeza karatasi ndogo ya maswali: watoto wangapi, meno yakoje, nani ameacha kutumia chujio na kwa nini. Hapo nilikuwa nimeshatoka kwenye maji, nimeingia kwa watu, na kibali changu hakikusema watu. Kosa ni langu. Majibu ya kaya zote nilizokuwa nimezihoji niliyafuta, nikaomba upya.

Na jibu lililokuwa na thamani kuliko vipimo vyote vya maabara lilikuwa kwenye karatasi ile ile. Mama mmoja aliacha chujio kwa sababu hakuna aliyemwambia mifupa ni ya mnyama gani.

Sogeza tiketi.

---

Kutoka: Babu wa Toronto

Haya yote kwa ajili ya kuuliza manesi kama wanampenda bosi wao? Sisi enzi za vijiji vya ujamaa tulizunguka na daftari na kalamu, mwenyekiti wa kijiji akipiga kengele watu wanakuja, tunauliza, tunaondoka. Hakuna aliyedhurika.

---

Kutoka: Dada wa Leeds

Babu, shikamoo. Kengele ya mwenyekiti ndiyo shida yenyewe. Mtu aliyeitwa kwa kengele hana nafasi ya kusema hapana. Kule Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na penisilini ilipopatikana hawakupewa. Nao waliitwa vizuri tu, wakapewa chakula cha moto na usafiri. Sheria ya Marekani ya kamati hizi tunazozilalamikia ilizaliwa baada ya hapo.

Mama Neema, mimi ni Mkenya na yangu nilifanyia Kisumu, kwa hiyo ya NIMR namwachia Fundi. Kwetu unaanza na kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kisha kaunti, kwa sababu hospitali nyingi sasa ziko chini ya kaunti. Barua ya Nairobi bila ya kaunti, mlinzi wa geti atakusomea vizuri na kukurudishia.

Kuhusu jarida: futa hiyo barua pepe. Siku tano hazitoshi hata kumpata mtu wa kuisoma makala, sembuse kuipitia. Lakini usifikiri kila jarida linalotoza ni la matapeli, kwa maana mengi ya yale mazuri ya kusomwa bure mtandaoni hutoza pia, mengine zaidi ya dola 900. Angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa. Fungua makala mbili tatu za mwaka jana uone kama zinahusu fani moja. Jarida lenye makala ya saruji, ya kisukari na ya uongozi wa kanisa katika toleo moja, kimbia. Halafu waandikie wahariri wawili walioorodheshwa, uwaulize kama wanajua kwamba ni wahariri. Mimi nilimwandikia mmoja, akashtuka kuliko mimi.

Usitegemee msamaha wa ada. Unatolewa kwa nchi ya taasisi uliyoandika chini ya jina lako. Mahali ulipozaliwa hawapaangalii. Ukiandika Ohio, unalipa bei ya Ohio. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mshirika wa kweli nyumbani. Na ufikirie Tanzania Journal of Health Research, au yale ya kusomwa bure kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Manesi wa hospitali yako watayafikia bila kadi ya benki. Nijuavyo, masharti ya NIMR yanakutaka uombe ruhusa kabla ya kuchapisha, kwa hiyo usiwaruke mwishoni.

Sasa MLQ. Ina maswali 45, na ni mali ya watu. Leseni inauzwa na kampuni ya Mind Garden, na ruhusa ya kutafsiri inaombwa kwao. Hiyo tafsiri ya simu huwezi kuitumia hata ingekuwa nzuri. Muulize msimamizi wako kuhusu PES-NWI, dodoso la mazingira ya kazi ya manesi, la Eileen Lake, la 2002. Ina maswali 31, ilitungwa kwa ajili ya manesi, na sehemu yake moja ni ya mkuu wa wodi peke yake. Kwa swali lako naiona imekaa vizuri zaidi. Hiyo nayo omba ruhusa kwa mwenyewe.

---

Kutoka: Mama Furaha, Louisville, Kentucky

Bandugu, salamu.

Mimi si mtu wa masomo makubwa. Niko mkalimani wa hospitali hapa, kwetu ni Bukavu. Lakini watu wa masomo makubwa wanakuja kwangu kila mwaka na makaratasi yao, juu ya wakimbizi wa Kongo tuko wengi, na wote wanaandika "Kiswahili" kama vile Kiswahili ni kimoja.

Ngoja niwape mfano. Kuna yale maswali tisa ya huzuni, PHQ-9, yanauliza juu ya wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, yote pamoja 27, na kuanzia 10 daktari anaanza kuangalia vizuri. Mwanafunzi mmoja alileta ya Kiswahili, imeandikwa safi kabisa. Kwenye majibu ilisema: "hapana kabisa", "siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku", "karibu kila siku". Nikamsomea mama mmoja. Umekosa usingizi? Akasema ndiyo, zaidi ya nusu ya siku. Nikamuuliza, mama, unamaanisha nini? Akasema: "Kutoka asubui mpaka saa sita." Alisikia nusu ya siku moja! Karatasi ilitaka nusu ya zile siku kumi na nne. Siku ni siku, ikiwa moja au kumi, neno halibadiliki. Kizungu chao kinaonyesha wingi, chetu hapa hakionyeshi. Mwanafunzi alikuwa amesha kuuliza watu wengi sana mbele ya kufika kwangu. Hakuna programu ya simu itakuonya hiyo. Sasa mimi nasema "siku nane ao zaidi katika zile kumi na ine", na nahesabu kwa vidole mbele yake.

Na "sonona" hapa hakuna anayeijua. "Msongo wa mawazo" wanajua wale walipita kambi za Tanzania. Mama wa kwetu atakwambia "niko na mawazo mingi" ao "roho haitulie". Nesi wanamwita enfirmie. "Muuguzi" mmoja aliniuliza kama ni mtu anayeugua.

Lile swali la tisa, la kufikiri heri ungekufa, usimpe mtu karatasi hiyo kama hauna mtu wa kumuita siku ile ile. Watu wetu wanasema "heri nife" juu ya bili ya umeme, na wengine wanasema hivyo hivyo na ni kweli. Mkalimani anapashwa kuuliza tena, pole pole. Mtafiti anataka tu namba.

Na kama umeuliza watu wetu, rudi uwaambie ulipata nini. Kuna wamama kanisani kwetu wamejaza makaratasi ya shule mara nyingi, hakuna hata moja iliyorudi.

---

Kutoka: Dada wa Leeds

Mama Furaha, nimesoma hiyo ya "nusu ya siku" mara tatu kisha nikafungua faili zangu za Kisumu kwa hofu. Iko vilevile. Neno kwa neno.

Mama Neema, utaratibu wa kawaida ni mmoja kutafsiri, mwingine ambaye hajaona ya asili kuirudisha kwa Kiingereza, kisha mnalinganisha. Richard Brislin aliuandika tangu 1970. Lakini ona, "nusu ya siku" ingepita mtihani huo bila wasiwasi, kwa sababu mtafsiri anayejua Kiingereza angeirudisha sawasawa. Kinachoikamata ni kukaa na mtu kama watano wa aina ile utakaowahoji, usome swali, uwaombe wakueleze wamesikia nini kwa maneno yao.

---

Kutoka: Mama Neema

Asanteni. Tiketi nimeisogeza mpaka Juni. Nimelipa faini, sisemi kiasi gani. Pasi bado ni ya kwetu, Fundi, wala sioni aibu. Dolari za jarida nimezinusuru.

MLQ nimeiweka kando na msimamizi amekubali tuombe hiyo ya maswali 31. Sehemu ya mkuu wa wodi nimeitafsiri mwenyewe kwa mkono. Jana nikampigia rafiki yangu nikamsomea maswali yenye neno "kiongozi wangu". Akaniuliza: "Kiongozi yupi, wa chama au wa kanisa?" Nikambadilishia nikasema "inchaji wa wodi yako". Kimya. Halafu akasema, "Hilo siwezi kujibu kwenye simu, yuko hapa nyuma."

Kwa hiyo nimeanza kuelewa kwamba nisimpe matroni kazi ya kugawa dodoso, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye pendekezo langu. Kila mtu angejaza jibu la katikati. Nitatumia bahasha zilizofungwa na sanduku lililo nje ya wodi, jina lisiwepo, na umri niweke kwa makundi, maana wodi yenye manesi sita ukiandika miaka 54 umeshamtaja mtu.

Mama Furaha, natafuta watu wawili wa kunisikilizia maswali Jumamosi. Najua manesi wangu si watu wa Bukavu, ila sikio lako nalitaka.

---

Kutoka: Mama Furaha, Louisville

Jumamosi niko kazi mpaka saa nane. Piga kisha.

---

Kutoka: Mama Neema

Saa nane yetu ya mchana, au ile ya kwenye saa ya ukutani?