Suti nyeusi inatoka doa moja kwenye karatasi isiyong'aa: BPC (fidia ya weusi) niwashe au nizime?

Mleta uzi:
Wakuu, habari zenu. Nachapa picha za harusi kwenye karatasi isiyong'aa, printa ni ya wino wa pigmenti. Kwenye skrini mikunjo ya suti ya bwana harusi inaonekana yote, kwenye karatasi hakuna kitu. Photoshop ndiyo inayosimamia rangi, profaili (faili inayoeleza rangi ambazo printa na karatasi vinaweza kutoa) ni ya karatasi hiyohiyo, njia ya kugeuza rangi nimechagua relativu kolorimetriki, BPC nimeizima. Profaili mbovu?

Wino_Mzito:
Profaili iache kwanza, washa BPC. Weusi wa faili ni L 0 (L ni kipimo cha mwangaza, 0 ni nyeusi kabisa, 100 ni nyeupe). Karatasi isiyong'aa hukomea kama L 16 hadi 20, wino haushuki zaidi ya hapo. Bila BPC, relativu kolorimetriki inakipa kila kivuli kilicho chini ya kikomo hicho weusi uleule mmoja, na mikunjo ya suti iko humo humo. BPC inaketisha weusi wa faili juu ya weusi wa karatasi, halafu inapanga upya ngazi zote hadi kwenye nyeupe. Giza litapauka kidogo, lakini mikunjo utaiona. Karatasi inayong'aa hufika L 3 hadi 5, ndiyo maana huko wengi hawaioni tofauti.

Mleta uzi:
Asante mkuu. Na nikitumia ile njia nyingine ya kugeuza rangi, pasepshuali?

Picha_Safi:
Pasepshuali ina mgandamizo wake (inabana rangi zote ziingie kwenye uwezo wa karatasi) tayari ndani ya profaili, kwa hiyo BPC huongeza kidogo sana au haiongezi kitu. Njia ya absoluti kolorimetriki haiipokei BPC kabisa.
Hakikisha pia marekebisho ya rangi ya draiva (programu inayoendesha printa) yamezimwa. Yakibaki, rangi zinageuzwa mara mbili na ngozi za watu zinaharibika. Na aina ya karatasi kwenye draiva iwe isiyong'aa, ili printa ichukue wino mweusi wa karatasi hizo. Ule wa karatasi inayong'aa ukiingia hapo, weusi unakuwa kijivu na profaili haisemi kweli tena.

Wino_Mzito:
Usipoteze karatasi kubwa kwa kubahatisha. Tengeneza faili ya sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini) yenye vibanda, yaani miraba midogo, vya kijivu, RGB 0 hadi 60, kila hatua 5. Chapa kipande kidogo mara mbili, BPC imezimwa na imewashwa, acha vikauke, vitazame kwenye mwanga mzuri. Ikizimwa, vibanda vilivyo chini ya 40 hivi vitashikana. Vikishikana hata ikiwa imewashwa, hapo sasa ishuku profaili.