PlayStation 3 inakataa sasisho: nitumie flashi au ninunue diski kuu mpya?

KaziNaMuda: Habari zenu. PlayStation 3 yangu huanza kusasisha programu ya mfumo, kisha husimama na kuonyesha hitilafu. Je, nisakinishe sasisho kwa flashi, au ninunue diski kuu mpya? Nataka kuamua wiki hii.

FundiWaZamani: Ndugu, hujataja namba ya hitilafu, wala kama diski kuu iliyomo ni ya awali, wala kama inakwama wakati wa kupakua au wa kusakinisha. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli. Hata hivyo ningeanza na flashi: ifomatiwe kwa FAT32 (mpangilio wa mafaili ambao mashine huusoma), iwe na folda PS3, ndani yake folda UPDATE, kwa herufi kubwa, na faili libaki na jina PS3UPDAT.PUP. Kivinjari kikiliongezea "(1)" kwa kuwa ulishalipakua awali, mashine haitaliona.

Nyotajioni: Mimi nasema diski kuu. Yangu ilipokuwa na dalili hizo, fundi mmoja alishikilia kwamba tatizo ni programu tu, akafomati diski bila kuniuliza, na maendeleo yangu yote ya michezo yakapotea; kisha sasisho likagoma palepale. Nilipoweka diski nyingine ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5, likaingia bila kusita. Linaniuma hadi leo, kwa sababu angeweza kabisa kunakili data kwanza.

MchezoHuru: Mmesahau kisoma Blu-ray, yaani sehemu inayosoma diski za michezo. Sasisho hukihusisha nacho, na kikiwa kibovu linaweza kukataa hata kwenye diski kuu mpya. Isitoshe, kuna haja gani ya kusasisha? Toleo la 3.21 la mwaka 2010 lilituondolea uwezo wa kuweka Linux, mfumo endeshi wa kompyuta.

FundiWaZamani: Hilo la Linux ni kweli na lilikera wengi, lakini bila toleo jipya huwezi kuingia PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya PlayStation. KaziNaMuda, unganisha pedi kwa waya, uingie hali salama (menyu ya kurekebishia mfumo), ukarabati kwanza mfumo wa mafaili. Usiguse chaguo la kurejesha mfumo mzima, kwani hilo hufuta kila kitu.

KaziNaMuda: Namba ni 8002F1F9. Diski kuu ilibadilishwa na mmiliki wa kwanza, na mashine husoma michezo kwa kusuasua.

Nyotajioni: Diski iliyobadilishwa! Nunua nyingine.

MchezoHuru: Kusuasua huko ni kwa kisoma Blu-ray.

FundiWaZamani: Namba hiyo pekee haitengi chanzo kimoja. Azima diski kuu ya kompyuta mpakato ujaribu nayo kabla ya kununua, ila fahamu kwamba mashine itaifomati.