Makato ya asilimia 15 huku na 15 kule: kwa tiketi za Kombe la Dunia, mlanguzi mkuu ni FIFA

Wakuu, salamu kutoka Houston. Leo sina maneno matamu, nimevurugwa.

Tangu droo ya Kombe la Dunia 2026, ile ya Desemba 5, 2025, magrupu yetu ya WhatsApp huku Texas hayapoi. Juni 17 Ureno wanacheza hapa mjini na mshindi wa mchujo uliowahusisha Kongo DR, na Juni 26 Cape Verde wanakutana na Saudi Arabia. Wakongo wa hapa wanaulizia tiketi usiku na mchana, na sisi wengine tunaulizia pamoja nao. Jibu ni lilelile: nendeni kwenye soko rasmi la FIFA la kuuziana tiketi, huko hutapigwa.

Hutapigwa na nani sasa?

Huko ndani muuzaji anakatwa asilimia 15. Mnunuzi naye anaongezewa asilimia 15. Kiti ni kilekile ambacho FIFA walishakiuza wakalipwa hela yao yote. Tufanye una tiketi uliyonunua dola 200, zamu ya kazini ikabadilika, huendi tena. Wewe si mfanyabiashara, unataka hela yako irudi basi. Ukiiweka kwa 200 ileile, unapata 170 na mwenzako analipa 230. Dola 60 zimeenda kwa watu ambao hawajafanya lolote zaidi ya kubadilisha jina kwenye simu.

Ukitaka 200 yako irudi kamili, inabidi uiweke kwa kama dola 235, na mnunuzi atatoa zaidi ya 270. Yaani unamwambia mwenzako aweke na ya kutolea, ila hii ya kutolea inakaribia dola 71! Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Makato haya yanamlazimisha mtu mwema apandishe bei hata kama hakutaka. Halafu yule mpita njia anayeona 235 kwenye tiketi ya 200 anasema, aah, huyu Mswahili analangua.

Na kwa mlanguzi wa kweli? Aliinunua 200, anaiweka 600. Mnunuzi analipa 690, yeye anaondoka na 510, FIFA wanabaki na 180. Karibu bei nzima ya mwanzo, kwa mara ya pili. Na aliyeinunua kwake akiwa naye mlanguzi, akaiuza tena, FIFA wanakata tena. Niambieni ninyi, mtu anayekula hivi atapiga vita ulanguzi kwa sababu ipi? Bei ikipaa, fungu lake linapaa nayo. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayoweka kikomo cha bei ya tiketi inayouzwa upya, na FIFA nao hawakuweka. Ila Mexico, ambao nao ni wenyeji, kanuni ni nyingine: wakazi wa nchi ile kwenye soko lao hawaruhusiwi kuzidisha bei ya awali. Kumbe inawezekana! Mashindano ni yaleyale, mfumo ni wa watu walewale.

Yule mlanguzi wa Kwa Mkapa, uwanjani Dar, siku ya dabi ya Simba na Yanga, anayekunong'oneza "VIP B, VIP B" huku akiangalia askari kwa pembeni, namheshimu zaidi. Alitoa hela yake mfukoni. Filimbi ikilia bado ameshika tiketi, hasara ni yake. FIFA hawana siku ya hasara.

Najua watakaokuja hapa na "soko huria" na "ndivyo ilivyo Amerika Kaskazini". FIFA nao wanajitetea hivyohivyo, kwamba makato yanaendana na desturi ya soko la huku, na kwamba mapato yanarudi kuendeleza mpira. Uingereza, mtu kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa tangu sheria ya 1994, na Novemba 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kupiga marufuku kuuza tiketi za matamasha na michezo juu ya bei ya awali, na makato ya majukwaa yawekewe kikomo pia. Mbona mpira wao haujafa?

Kinachoniuma zaidi ni wenzetu wa Senegal na Ivory Coast. Maombi ya tiketi yalifunguliwa Septemba 2025 na mauzo yakaanza Oktoba. Katikati ya Desemba Washington wakatangaza vizuizi vya viza vinavyogusa nchi hizo mbili, timu zao zikiwa zimeshafuzu. Shabiki wa Dakar aliyenunua mapema kwa uaminifu wake, akakosa viza, akienda kuiuza tiketi kwenye soko rasmi naye anakatwa asilimia 15. Huyu amelangua nini?

Sidai waanze kugawa tiketi bure. Mtu akiuza kwa bei aliyonunulia au chini yake, makato yawe sifuri, au dola mbili tatu za usumbufu kama lazima. Anayetaka 600 kwa tiketi ya 200, mkateni mpaka akome, na hiyo hela ionyeshwe hadharani ilikwenda wapi.

Walioko Dallas, Atlanta na Toronto, wekeni hapa bei mlizokutana nazo, ya mwanzo na ya mwisho baada ya makato. Na kama una ya Juni 26 unayotaka kuiachia kwa bei uliyonunulia, njoo PM kabla hujaipeleka sokoni.