Wa Kwa Bibi Makorora

Zuwena: Assalamu alaykum, shikamooni wakubwa. Nimefika salama Kusatsu, ule mji wa chemchemi za maji moto Japani, huku saa mbili usiku nyie mtakuwa saa nane mchana. Treni toka stesheni ya Ueno, Tokyo, masaa mawili na nusu hivi halafu basi dakika 25 kupanda mlima maana reli haifiki huku juu, ni mita 1,200 na theluji imejaa mpaka kwenye vizingiti jamani

Zuwena: [picha 4]

Mama Zuwena: Waalaykum salaam marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Umevaa soksi?

Bakari: Mtu yuko Japani anatuma picha za theluji mama anauliza soksi 😂

Mama Zuwena: Wewe nyamaza, alivyokuwa na kifua utotoni nani alikuwa anakesha naye, wewe?

Shangazi Mwanaidi: Hilo joho umelitoa wapi Zuwena, kama la mganga

Zuwena: Shangazi hiyo yukata, nguo ya hoteli, kila mgeni anapewa. Unaendea kula, unaendea kuoga, wengine wanatoka nayo mpaka barabarani na ndala za mbao ko ko ko. Mi mara ya kwanza nikaivaa upande wa kulia juu, nikakutana na bibi mmoja koridoni akanisimamisha hapohapo akanifungua mkanda akanifunga upya bila hata kuniuliza jina, kumbe kushoto ndo kunakaa juu, ukigeuza ni vile wanavyomvisha maiti

Shangazi Mwanaidi: Yarabi. Umetembea na sanda hotelini

Bakari: Marehemu anauliza chakula saa ngapi

Zuwena: Chakula saa kumi na mbili na nusu na ukichelewa ni aibu yako, vyote vimeshapangwa vibakuli vidogo vidogo kama kumi na tatu hivi. Ndo maana bei yao ni ya kichwa sio ya chumba, ndani yake kuna chakula cha usiku na cha asubuhi. Wageni wengi wanalala siku moja tu kesho yake safari

Mjomba Hatibu: Waja leo waondoka leo. Kumbe hawa ni watu wa Tanga

Mjomba Hatibu: Picha ya pili ule moshi katikati ya mji ni kiwanda?

Zuwena: Hapana mjomba ndo chemchemi yenyewe, inaitwa Yubatake, yaani shamba la maji moto. Yanatoka ardhini nyuzi zaidi ya 50, yanapita kwenye mifereji saba ya mbao yapoe poe halafu yanagawanywa mahotelini. Mji mzima unatoa zaidi ya lita 30,000 kwa dakika, yanatoka yenyewe tu hawapigi pampu

Mjomba Hatibu: Kwa dakika?? Huku leo siku ya tatu bomba linakohoa tu

Zuwena: 😂😂 Na bado yakiwa ya moto sana hawachanganyi na baridi, wanasema utayapunguza nguvu. Wanawake wanashika mbao ndefu kama makasia wanayageuza geuza huku wanaimba mpaka yakae sawa, siku hizi wanaonyesha watalii. Wakaniita na mimi, dakika mbili tu mabega kwisha

Bakari: Kama kusonga ugali wa shule ya bweni

Zuwena: Hivyohivyo. Na harufu sasa, nilivyoshuka tu kwenye basi nikasema hii si Galanos hii, zile chemchemi zetu za Amboni

Mjomba Hatibu: Kiberiti hicho, yaani salfa. Pale Amboni tulikuwa tunapelekwa na mzee tukipata upele, tunakaa mpaka vidole vinakunjamana, basi ukirudi nyumbani hakuna anayetaka kulala na wewe kitanda kimoja siku mbili. Sasa hao wanalipia hoteli

Zuwena: Huku ni makali zaidi mjomba, uchachu wake unakaribia ndimu kabisa. Nilikuwa na mkwaruzo kisiginoni nimeingiza mguu nimeona nyota. Ukiacha msumari humo siku kadhaa unaliwa unabaki sindano. Mpaka mto unaoteremka toka mjini walikuwa hawapati samaki wala daraja la saruji halikai, ikabidi serikali ijenge kituo cha kumwaga chokaa mtoni, tangu 1964 wanamwaga usiku na mchana hawajapumzika

Mjomba Hatibu: Chokaa! Hiyo akili. Uchachu unakufa

Mjomba Hatibu: Lakini ngoja. Picha ya tatu umekula samaki wa mtoni

Zuwena: Mjomba sikuuliza katoka mto gani. Alikuwa mtamu, wamemchoma na chumvi tu. Nilishawaandikia kabla kwamba sili nguruwe wala pombe hata kwenye mchuzi, maana wenyewe pombe ya wali wanaitia kila kitu, wakanipikia vyangu peke yangu

Mama Zuwena: Mungu awalipe

Shangazi Mwanaidi: Sasa tuache samaki. Huko kuoga nimesikia wote uchi. Kweli si kweli

Bakari: Nilikuwa nasubiri hili swali

Zuwena: 🙈 Wanawake kwao wanaume kwao shangazi, ila ndani humo ndio, hakuna nguo ya kuogelea hata moja. Kwanza unakaa kwenye kigoda unajisugua na sabuni mpaka uishe ndo unaingia kuloa, maana maji ni ya wote sio ya kuogea uchafu. Kitaulo unaweka kichwani hakigusi maji. Mi sikuingia huko, kuna kibafu cha familia unakiandikisha mapokezi unapewa dakika 45 na ufunguo, unafunga mlango unakaa peke yako na theluji inadondoka dirishani

Mama Zuwena: Afadhali

Zuwena: Na hata ningetaka nisingepita, piko ya harusi ya Rukia bado haijatoka mikononi. Dada wa mapokezi akaiangalia akainama akatabasamu akaenda kumwita mkubwa wake. Huku chale na michoro ya mwilini mahoteli mengi hawaruhusu bafu la pamoja, wanahusisha na majambazi wao. Nikaeleza hii ni rangi tu, ya harusi, inatoka yenyewe, wakashusha pumzi wote wawili

Bakari: Zuwena jambazi la Makorora

Zuwena: Ila bafu za pamoja uangalie pazia la mlangoni, usiku la wanawake ni hili, asubuhi wanabadilisha linakuwa la wanaume. Bakari wewe ungeshalala polisi

Shangazi Mwanaidi: Zuwena

Zuwena: Abee shangazi

Shangazi Mwanaidi: Picha ya kwanza uko stesheni una bangili ya fedha ya Bibi mkononi. Picha ya nne umetoka kuoga mkono umeuficha kwenye joho. Kwa nini

Bakari: 👀

Shangazi Mwanaidi: Anaandika anafuta anaandika anafuta

Zuwena: Ipo

Shangazi Mwanaidi: Sikuuliza kama ipo

Zuwena: Imekuwa nyeusi

Mama Zuwena: Nyeusi vipi???

Zuwena: Nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilisahau kuivua, dakika kumi tu. Kibao kipo ukutani vua fedha lakini kimeandikwa Kijapani kitupu na mimi nilikuwa nimekiangalia nikajua ni bei. Tafadhali msimwambie Bibi kanipa juzijuzi tu kwenye harusi

Mjomba Hatibu: Fedha na kiberiti havikai nyumba moja. Haijaharibika, ni juu juu tu. Usiisugue na mchanga

Bakari: Tandika karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli, magadi, maji ya moto, iguse karatasi. Dakika chache inarudi. Nimefanya na saa ya mtu

Mama Zuwena: Saa ya nani

Mwajuma: Jamani mi niko kwa Bibi na simu nimeweka sauti kubwa, nilikuwa namsomea tangu mwanzo

Zuwena: MWAJUMA

Mwajuma: Nilijua mnaongelea theluji tu

Mwajuma: [sauti, sekunde 52]

Mwajuma: Kwa wasioweza kufungua, Bibi anacheka tu mwanzoni. Anasema hiyo bangili ilishakuwa nyeusi siku nyingi, aliingia nayo Galanos akiwa bibi arusi wa mwezi mmoja, akaisugua kwa jivu na ndimu usiku kucha kabla babu hajarudi toka shambani kwenye mkonge. Babu mpaka anafariki hakujua

Shangazi Mwanaidi: Mama!! Sisi ulituchapa kwa kupoteza hereni

Mwajuma: Anasema hereni ni kupoteza hii ni kuchafua, usichanganye. Anauliza hayo maji yanatibu magoti?

Zuwena: Bibi shikamoo 😭 Wenyewe wanasema yanatibu kila kitu isipokuwa mapenzi. Kuna mpaka daktari wa Kijerumani, Erwin Bälz, alikuwa anafundisha udaktari Tokyo karne ya 19 akayasifia sana, sanamu yake ipo hapa

Mjomba Hatibu: Wao Mjerumani kawapa sifa. Wa kwetu 1893 akatuletea katani

Zuwena: Kuna unga wake wanaukusanya palepale kwenye mifereji, unauzwa kwenye pakti, unatia kwenye maji ya moto. Nitakuletea Bibi

Mwajuma: Anasema ulete na wa jirani

Zuwena: Sawa. Haya naingia tena nina dakika zangu 45 za pili. Bangili nimeivua nimeiweka ndani ya soksi

Mama Zuwena: Kwa hiyo miguuni umevaa nini