Naomba ushauri: uyoga wa kichuguu usiofungua kofia

Ndugu wanachama, salaam. Niko Moroto, Karamoja, Uganda. Mvua ikinyesha, vichuguu vya huku huota uyoga mrefu mweupe wenye magamba, kofia imefumba kama mwavuli uliokunjwa, na haifunguki hata ukizeeka. Ukikauka unabaki unga wa kahawia-nyeusi unaopeperuka na upepo.

Ule wa vichuguu unaouzwa sokoni, Termitomyces, naujua: kofia yake hufunguka na mzizi hushuka mpaka kwa mchwa. Huu si huo. Nimeupasua ukiwa bado mchanga: shina linapita katikati hadi kileleni, na hauna vile vipande vyembamba kama kurasa chini ya kofia. Kwa kusoma naona unaelekea jenasi (kundi) ya Podaxis, uyoga wa nchi kame, ambao India na Pakistan huliwa ukiwa bado mweupe ndani. Wazee niliowauliza hawakubaliani. Mmoja anasema mbuzi wanaula, lakini mbuzi mnamjua, hachagui.

Je, kuna aliyeuona ukiliwa huku kwetu au upande wa Turkana, Kenya? Na nikitaka utambuliwe Chuo Kikuu cha Makerere, niukaushe kwanza au niupeleke mbichi? Mpaka sasa sijauonja.