Gari imepasi ukaguzi, siku ya tisa breki zimekata mteremko wa Mkoani

Asalaam alaykum wanajamvi. Naandika nina hasira, mnistahamilie.

Mwezi uliopita nimenunua Noah kwa jamaa mmoja Unguja, nikaivusha kuja nayo Pemba. Nilimwambia mapema, "Bwana, gari bila ya ukaguzi mie sichukui." Akaipeleka, ikapasi, nikaoneshwa karatasi na muhuri wake. Nikatoa pesa.

Siku ya tisa natoka Chake kuwahi boti, nimembeba mama, shangazi, watoto wawili na mizigo yao. Anayeijua Mkoani anaujua ule mteremko wa kushukia bandarini. Nakanyaga breki, pedali inazama laini kama nimekanyaga mkate wa kumimina. Nikapampu, ikashika nusu. Nikashusha gia mpaka L, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, gari ikaenda kujiegemeza kwenye ukingo wa udongo. Mama kimya mpaka tumesimama. Kisha akaniuliza, "Si umesema imepimwa hii?"

Fundi akaingia chini na tochi. Bomba la breki ya nyuma, lile la chuma jembamba kuliko penseli, limetoboka pale linapopita juu ya tangi la mafuta. Akalikwangua kwa bisibisi, rangi nyeusi ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai, na chini yake kutu tupu. Mtu kapulizia rangi juu ya kutu, akaiuza. Kilichotuokoa ni kuwa breki za gari zimegawika njia mbili, ikipasuka moja ya pili inabaki na nguvu kidogo. Basi.

Nikawapigia waliokagua. Yule bwana hakuniudhi kwa kusema uongo, kaniudhi kwa kusema kweli. "Kaka, sisi tunaangalia kinachoonekana. Hatufungui kitu, hatukwangui rangi. Siku ile breki zake zilishika."

Na wallahi ana haki. Hawezi kushusha tangi la kila gari iliyo kwenye foleni. Hata Uingereza, ambako ukaguzi wao wa MOT umeanza tangu 1960, mkaguzi haruhusiwi kufungua sehemu za gari kwa spana, na injini, klachi na giaboksi hazimo kabisa katika kipimo. Lakini wenzetu wameliandika hilo wazi, raia analisoma kabla hajatoa pesa, na mkaguzi akiona kitu kinaelekea kuharibika anakiandika hata kama gari imepasi. Karatasi yangu mimi ina neno moja tu: imepasi. Imepasi nini? Taa na honi? Bomba la juu ya tangi limeonekana au halikuonekana? Hakuna.

Muuzaji ndiyo anajificha hapo. Nilipompigia akanijibu, "Mzee, mie si fundi, serikali imeipasisha." Mkaguzi anasema kaangalia cha nje, muuzaji anasema mkaguzi kaangalia vyote, na baina yao mama yangu kashikilia dashibodi kwa mikono miwili.

Tairi nazo zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa kama viatu vya Idi. Si kipara, kashata, ile michoro ya mpira inayoshika barabara, zipo, kwa hiyo zikapita. Nimeinama kuzisoma ubavuni, namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1912. Maana yake wiki ya 19, mwaka 2012. Mpira wa umri huo unaweza kupasuka ndani ungali na kashata zake. Nendeni kasomeni zenu sasa hivi, nawasubiri.

Najua kuna atakayeandika "ungempeleka fundi wako kwanza". Kweli, na hilo nimelila. Lakini sisi tunakaa visiwani, gari zinakula chumvi usiku na mchana, na nyingi zimekuja hapa zishatumika miaka kwa watu. Kutu ya chini ndiyo maradhi yetu ya mwanzo. Kama mkaguzi hawezi kulifikia bomba, aandike "bomba la nyuma halikuonekana, limefunikwa rangi". Maneno sita tu! Ningeyasoma, ningempeleka fundi alikwangue, au ningeiacha gari na mwenyewe.

Tena rangi mpya chini ya gari kuukuu ingetosha kumtia mtu wasiwasi. Nani anapamba uvungu wa gari asiyekuwa na la kuficha?

Kipande cha bomba ninacho, nimekifunga kwenye gazeti. Jumatatu nakipeleka palepale ilipokaguliwa, nakiweka mezani pamoja na karatasi yao. Mwenye gari iliyopasi mwaka huu aitoe karatasi yake aniambie: yako imeandikwa ni vitu gani ambavyo hawakuviona, au na wewe una neno moja kama langu?