Eti nimgawie nusu ya nyumba! Mkaa wa mia tano hajawahi kununua

Jamani nimelikalia hili tangu Ijumaa, leo nalitapika. Mkiona maneno makali mnisamehe, nimetoka kukaanga samaki sasa hivi na kichwa kinachemka kuliko karai.

Niko Tanga, Makorora. Ndoa miaka 13, watoto watatu. Talaka nimeandikiwa, eda nimemaliza, na unga wa hiyo eda nimenunua mwenyewe ilhali kila mtu ajua ni wajibu wa nani. Hilo nimemsamehe. Sasa bwana kaibuka: nyumba ya Pongwe tugawane nusu kwa nusu, ni mali ya ndoa.

Nyumba hiyo imejengwa na vibua. Alfajiri niko soko la samaki la Deep Sea nagombania tenga mnadani, jioni niko gengeni na moshi machoni, pesa inaingia kikoba, kikoba kikivunjwa nanunua tofali. Yeye miaka sita ni "dereva anasubiri gari". Gari analisubiri barazani, kahawa mkononi, bao mbele yake. Nikajifungua kwa kisu huyu wa mwisho, nikalazwa siku nne. Wale wakubwa wawili walikula kwa jirani siku zote nne, na baba yao yupo nyumbani! Narudi na mshono wangu nakuta sufuria ya ugali niliyoiacha iko palepale, imeota ukungu wa kijani.

Mtasema karatasi ya kiwanja ina jina la nani. La kwake. Muuzaji aligoma, "mama lete mwenye nyumba tuandikiane". Nikacheka, nikamwita bwana kutoka baoni, akatia sahihi, akarudi baoni. Leo ndiyo karatasi anayotembea nayo mfukoni.

Tukaenda kusuluhishwa. Mzee mmoja pale akaniambia, "Mwanangu, mume hata akikaa tu ni kivuli." Kivuli! Mwembe wa jirani unanipa kivuli mwaka wa kumi huu, haujadai chumba.

Kilichonichoma zaidi ni sheria kugeuziwa kwangu. Kuna binti hapa mtaani msaidizi wa kisheria, kanisomea. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, mahakama inatazama mchango wa kila mmoja: pesa, mali au kazi. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Nilitokwa na machozi, nikamkumbuka mama yangu aliyeachwa akatoka na sanduku na mkeka, hakuna aliyeuliza maji ya nyumba ile nani aliyateka.

Kumbe na upande wa pili wameikariri! Shemeji yangu ananiambia, kama mama wa nyumbani anagawiwa, baba wa nyumbani naye agawiwe. Haki sawa si mliitaka wenyewe?

Sawa shemeji, nakubali. Angekuwa anapika, anafua, anaogesha watoto mimi nikiwa sokoni, ningempa na ufunguo. Huyo baba wa nyumbani ndiyo namtafuta miaka 13, sijamwona. Halafu kesi mnayoinukuu mmeisoma nusu: Bi Hawa mwenyewe nyumba hakugawiwa, kwa sababu mumewe alimpa pesa za maendeleo ya familia akazifuja. Na mimi nilimpa kaka yenu pesa ya pikipiki. Pikipiki iko wapi?

Na huu wimbo mpya wa "mke mwenye uwezo amtunze mume". Kifungu cha 115 kinamtaja mume asiyejiweza kwa maradhi, au aliyeumia mwili au akili. Huyu ana afya ya ng'ombe dume. Uvivu haumo.

Barua ya baraza la usuluhishi wa ndoa ninayo, Jumatatu nafungua kesi Mahakama ya Mwanzo. Risiti za saruji ninazo kwenye kopo la maziwa, nyingine wino umefutika. Daftari la kikoba lipo. Fundi yu hai, na anajua pesa yake alikuwa anaifuata gengeni kwangu, siyo barazani. Mliopita njia hii niambieni: fundi nimpeleke siku ya kwanza au nisubiri nitakapoambiwa nilete mashahidi?